Je, Wepesi wa Njia Hupunguza Thawabu?

Masika yanapokoma na mawingu kuinuka juu ya nyanda za Mbulu, vilima vya Bashay huvaa majani mabichi, na njia za ng'ombe hukauka kiasi cha kumwezesha hata asiyezoea milima kutembea tangu asubuhi hadi alasiri, akapiga hema lake pasipo taabu kubwa. Ilhali upande wa kusini, huko Hanang, umesimama peke yake mlima wa volkano iliyozimika, wenye kimo cha mita zipatazo 3,420. Hapo ndipo linapozuka swali: mtu apandaye kilima kwa raha, bila jasho wala hatari, hupata faida yoyote ya rohoni, au amefanya anasa tu akaiita tafakuri?

Wanaosifu taabu wana hoja nzito, kwani Nabii Musa aliitwa juu ya Mlima Sinai, na Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Wala hapana hata mmoja wao aliyekwenda matembezi. Walakini insafu yatutaka tukiri kwamba taabu ile ilikuwa ya njia, haikuwa bei ya neema. Sharia ya Kiislamu yenyewe humruhusu msafiri kuzifupisha sala za rakaa nne zikawa mbili, na akosaye maji kutayamamu kwa udongo ulio safi. Na lau mashaka yangalikuwa ndiyo yapendwayo, ruhusa hizo zisingalikuwapo.

Lakini kila ruhusa ina mpaka wake, na mpaka wa wepesi huu ni haki za wenyeji wa njia. Katika imani ya asili ya Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, Mungu aitwaye Looaa hutajwa kama mama mwenye rehema, na hunasibishwa na jua. Ama pepo waitwao neetlang'w, hao hukaa chemchemini na mitoni, nao ni wa kuogopwa. Asiyeishiriki imani hiyo aweza hata hivyo kujifunza adabu iliyomo ndani yake: kwamba maji yana haki juu ya apitaye, na kwamba mgeni achafuaye chemchemi au akataye mti mbichi kwa moto wa usiku mmoja amedhulumu watu asiowajua.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Kusema kwamba waliokufa waliadhibiwa ni ujasiri wa kumsemea Mungu, kwa sababu udongo ulioshiba maji juu ya mteremko mkali hushuka kwa tabia yake, haubagui mwema na mwovu. Ila msiba ule humfundisha mtembezi kwamba mlima anaouona kuwa ni mandhari, kwa wakaao chini yake ni maji, ni malisho, na ni hofu pia.

Basi thawabu haipimwi kwa jasho, bali kwa haki ambayo mtu ameitimiza njiani. Aliyefika kileleni akihema aweza kusamehewa akipita bila salamu. Bali aliyepanda kwa wepesi amebakiwa na pumzi ya kuwaamkia wenyeji, kuomba idhini, na kuwasikiliza, na asipoitumia, hana hata udhuru wa uchovu.