Vitanzi vya Sindano ya Tatu

Andiko letu ni Mwanzo 40, mstari wa 14 hadi 23, tuingie kidogo na sura ya 41. Lakini kabla hatujafika Misri, kina baba mnivumilie, leo nazungumzia kufuma.

Baridi hii ya mwezi wa saba, kina mama wetu wanafuma skafu za uzi mnene, zile zenye misuko inayopanda katikati kama nywele zilizosukwa. Wengi hudhani ule msuko ni uzi wa ziada ulioshonewa juu. Hapana. Ni vitanzi vilevile. Mfumaji akifika kwenye vitanzi 6 vya msuko, anatoa 3 vya kwanza na kuviweka kwenye sindano ya tatu, fupi, ambayo haifumi chochote. Inashikilia tu. Anaiacha ikining'inia mbele ya kazi, anafuma vile 3 vilivyokuwa nyuma kwenye foleni, kisha ndipo anarudi kwa vile alivyoviweka kando. Hapo msuko umegeuka. Atafuma mistari kadhaa ya kawaida kabla ya kugeuza tena.

Ukiitazama skafu katikati ya hatua hiyo utasema imeharibika. Inavutika, kuna pengo, na waliokuwa nyuma wamepita mbele.

Unaijua hiyo hali, sivyo? Wale mliosoma nao wameshajenga, wewe bado unatuma barua za kazi.

Yusufu aliijua. Aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Gerezani alimtafsiria mnyweshaji ndoto yake, akamwomba kitu kimoja tu: ukitoka, nitaje. Baada ya siku 3 yule bwana alirudishwa kazini. Akasahau. Miaka 2 mizima.

Sasa, simwambii mtu aliyefiwa au aliyeachishwa kazi kwamba Mungu alimnyang'anya ili atengeneze pambo. Hilo silisemi. Yusufu alitiwa ndani na uongo wa mwanadamu, na uongo ni dhambi. Ninachokiona katika Neno ni kwamba Bwana alikuwa pamoja naye mlemle gerezani. Alishikiliwa. Kitanzi kilichowekwa kando na kitanzi kilichoponyoka ni vitu viwili. Kilichoponyoka hakishikwi na kitu. Ukivuta kitambaa, kinafumuka mstari kwa mstari kwenda chini.

Lakini hapa ndipo nataka tukae. Kitanzi hakijirudishi chenyewe. Lazima mkono ukirudie, na mfumaji asiyeangalia anaweza kuendelea na safari yake, ile sindano fupi ikachomoka yenyewe. Katika habari hii tunapenda kujiona sisi ni Yusufu. Wapendwa, mara nyingi sisi ni yule mnyweshaji. Tuliombewa, tukapata, tukarudi kazini.

Kuna ndugu wa kanisa hili aliyepoteza kazi mwezi wa tatu. Alikuwa akikaa viti vya mbele. Nilipomtembelea juzi aliniambia aliona haya kuja mikono mitupu wakati wa sadaka. Miezi minne! Na mahubiri yetu yalikuwa yanaendelea vizuri tu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo niliwauliza kina mama kuhusu gharama. Msuko unavuta kitambaa kiwe chembamba, kwa hiyo skafu ya misuko inataka vitanzi vingi na uzi mwingi kuliko ile ya kawaida yenye upana uleule. Inachelewesha pia. Kurudia watu ni hivyo hivyo, kutakula nauli na jioni zako.

Viongozi wa ushirika wa nyumbani, wiki hii fungueni daftari la mahudhurio. Tafuteni majina ambayo hayajaonekana tangu Pasaka. Nendeni, msipige simu tu. Na mkifika, msianze kwa kuuliza mbona haji kanisani. Ulizeni kama wamekula.