Arabuni ya Gari Ni Mali ya Nani?

Hapana mtu katika miji yetu hii ya pwani asiyejua arabuni ni nini. Mtu huona kitu akakipenda, na fedha zake hazijatimia, basi humpa mwenye kitu sehemu ya bei ili amzuilie, na wakaagana siku ya kumaliza. Zamani jambo hili lilikuwa zaidi katika nyumba na mashamba. Leo limehamia katika magari, kwani bandari yetu ya Mombasa ndipo yanaposhukia magari yaliyokwisha kutumiwa Japani, na njia zetu zimejaa viwanja vya kuyauzia. Na palipo na magari pana arabuni, na palipo na arabuni, kwa tunavyoona sisi, mara nyingi pana ugomvi.

Hivi karibuni walitujia watu wawili baada ya sala ya Ishaa, kila mmoja ameshika karatasi yake. Mmoja ni mwalimu wa skuli, wa pili ni muuza magari, na wote wawili ni watu wa msikiti mmoja. Mwalimu alitaka gari dogo la kupakia bidhaa, akalipata kwa bei ya shilingi 750,000. Akatoa arabuni 100,000, na wakaagana siku kumi na nne. Alikuwa akitumai zamu yake katika mchezo wa kupeana fedha yeye na wenzake. Siku ya tisa mchezo ukavunjika, kwa kuwa baadhi ya wenzake hawakutoa. Akaenda kwa muuzaji akamwambia, "Ndugu yangu, nimeshindwa, nirudishie changu." Muuzaji akamwonyesha chini ya stakabadhi, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, kwamba arabuni hairejeshwi. Siku ya kumi na mbili mwalimu akaliona gari lile lile linapita njiani, lina mwenyewe mwingine, na khabari ikamfikia kuwa limeuzwa 780,000.

Mwalimu akatuambia, "Sheikh, mtu huyu amekula mali yangu bure." Muuzaji akasema, "Mimi nimelifunga gari langu siku tisa, nimewarudisha watu waliokuja na fedha taslimu. Jee, siku zangu hazina thamani?" Nasi tukanyamaza kitambo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki katika maneno yake, na kila mmoja, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikuwa na lake alilolificha.

Suala hili si geni kwa wanavyuoni. Imamu Malik katika Muwatta amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliikataza bei ya arabuni, na akaieleza kwa mfano wa mtu anunuaye mtumwa au akodiye mnyama wa kupanda, akatoa dinari moja kwa sharti kuwa akikiacha kitu, dinari ile ni ya mwenye kitu. Mnyama wa kupanda wa zama zile ndio gari la zama zetu, basi mfano wenyewe hauko mbali nasi. Wanavyuoni wa Hanafi, wa Maliki na wa Shafii wote wameizuia bei hii, kwa hoja kwamba muuzaji hupata fedha pasipo kutoa kitu, na kwamba ndani yake mna kubahatisha. Imamu Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Hadithi ile ameiona ina udhaifu katika mapokezi yake, na yeye amekwenda juu ya khabari ya Nafii bin Abdul-Harith, liwali wa Sayyidna Umar huko Makka, aliyemnunulia Umar nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti kuwa Umar asiporidhika, Safwan atapata fedha kadha. Na katika mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Brunei liliichagua kauli hii ya Hanbali, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa na kujulikana.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi ya ndugu zetu. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomwa katika darsa zetu tangu babu zetu, chasema waziwazi kuwa bei ya arabuni haisihi. Twashindana mpaka twanuniana juu ya kunuti na talkini, na kila mmoja hutaja madhehebu yake kwa sauti kubwa. Lakini mtu huyo huyo akiingia katika uwanja wa magari hatumsikii akiuliza Imamu Shafii amesema nini. Hutoa arabuni au huipokea, akawa Hanbali kwa muda wa robo saa pasipo kujua, kisha akarudi msikitini kugombana juu ya kunuti! Hatusemi kuwa ni haramu kuifuata kauli ya Imamu Ahmad. Twasema mwenye kuifuata aifuate na masharti yake, wala asichukue katika kauli hiyo lile limfaalo tu.

Basi tuulize lililo msingi: ile laki moja ni bei ya kitu gani? Haikuwa bei ya gari, kwani gari halikuchukuliwa. Haikuwa sadaka, kwani mwalimu hakukusudia sadaka. Ikiwa ni kitu, basi ni badali ya kungoja. Ni mlango ambao muuzaji aliufunga kwa ajili ya mtu mmoja. Hiyo yaweza kuwa khasara ya kweli, wala hatuwaoni wanaomdharau muuzaji kuwa wamemfanyia insafu. Mtu ana magari kumi, kodi ya uwanja na mishahara juu yake. Mteja akilifunga gari moja kisha akaenda zake, amemtia khasarani naye akatoka mzima. Lakini kama ni badali ya kungoja, yafuata kwamba asiyengoja hana cha kulipwa. Wako wapokeao arabuni mbili, hata tatu, juu ya gari moja, kila mteja akidhani limezuiwa kwa ajili yake. Na wako wapokeao arabuni juu ya gari lililo bado baharini au lililo bado Japani, wala hawajalimiliki, ilhali Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Hawa hawakufunga mlango wowote. Wamechukua fedha za mlango usiokuwapo, na hata kwa kauli ya Imamu Ahmad hatuoni pa kuwasitiri.

Kadhalika ikiwa gari lina ila iliyofichwa, kama saa ya maili iliyorudishwa nyuma, au injini iliyotiwa mafuta mazito ili isilie siku ya kujaribiwa. Hapo mnunuzi hakubadili nia. Aliyevunja maagano ni muuzaji, na arabuni yote hurudi, hata karatasi iseme nini.

Na karatasi nayo ina maneno. Muuzaji alituambia, "Ametia sahihi." Ni kweli, na mwalimu wa skuli hawezi kutuambia kuwa hajui Kiingereza. Lakini twamfikiria mama mzee aliyeuza dhahabu yake amnunulie mwanawe gari la kuchukulia riziki, akatia kidole chini ya maneno asiyoyajua. Qur'ani imefanya ridhaa ya pande mbili kuwa ndiyo mpaka baina ya biashara na kula mali kwa batili, nasi hatuoni ridhaa gani iliyomo katika jambo ambalo mtu hakuelezwa. Lipi lingemdhuru muuzaji kumwambia kwa Kiswahili: siku kadha, fedha kadha, ukishindwa hutazipata? Labda lingemdhuru hili tu, kwamba wengine wangeondoka.

Baadhi ya watu walitaka jambo hili lipelekwe kwa Kadhi. Ndugu zetu wafahamu kwamba kwa Katiba ya 2010 mahakama ya Kadhi husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Deni la gari si lake. Ipo sheria ya mwaka 2016 ya mahakama ya madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni moja, na mwenye kudhulumiwa hana lawama akienda huko. Wawili hawa walitaka sulhu, wala hatukuwa na nguvu juu yao ila nguvu ya maneno.

Tukamwuliza muuzaji, "Yule aliyenunua kwa 780,000 alikujia siku gani?" Akainama, kisha akasema, "Siku ya saba." Basi kabla mwalimu hajashindwa, muuzaji alikuwa amekwisha kuombea ashindwe! Tukamgeukia mwalimu, "Nawe, katika siku zile tisa, ulikuwa ukilingojea gari hilo peke yake?" Akakiri kuwa alipita viwanja viwili vingine akitafuta la rahisi zaidi, na kwamba lau angalilipata, angalivunja maagano hata kama mchezo haukuvunjika. Kwa hiyo mmoja alilifunga gari huku akichungulia mlangoni, na wa pili alilizuia huku mguu mmoja uko nje.

Tulimwambia muuzaji hivi: kwa kauli ya Imamu Ahmad fedha hizo waweza kuzishika, kwani siku zilijulikana na aliyerudi nyuma ni mwenzio. Hatutakuita mwizi, na mwalimu naye asikuite. Lakini gari lako limeuzwa, na limeuzwa kwa zaidi ya bei ya mwanzo. Khasara ya kungoja unayoitaja iko wapi? Kisha tukamkumbusha Hadithi aliyoipokea Abu Dawud kwa Abu Huraira, juu ya malipo ya mtu amkubaliaye Mwislamu mwenziwe kuvunja bei baada ya kujuta. Fadhila hiyo haikutajwa kwa ajili ya mwenye kulazimishwa. Imetajwa kwa ajili ya mtu mwenye haki ya kukataa, naye akakubali.

Hakutujibu usiku ule. Ijumaa ya pili yake alimpelekea mwalimu shilingi 96,000 kwa simu, akakata 4,000 za kuoshea gari na mlinzi wa usiku kwa siku tisa. Mwalimu akatujia na simu yake mkononi, akitaka tumwambie kama hizo elfu nne ni halali. Tukamwambia kuwa kwa rai yetu ni halali, na kwamba lau angalikatwa kumi tungalisema vivyo hivyo. Akaondoka hakuridhika, na mpaka tunaandika haya bado wawili hao husimama safu mbalimbali.