Kivuli cha Bustani Kongwe

Atokaye Kariakoo, penye msongamano wa watu na bidhaa, akapita Mnazi Mmoja kuelekea baharini, hufika kwenye Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Iliasisiwa mwaka 1893, zama za Wajerumani, na Franz Stuhlmann. Haikupandwa kwa huruma: palikuwa mahali pa kujaribia mimea ya biashara, ili mashamba ya kikoloni yalete faida.

Je, ni vibaya kupumzika katika kivuli kilichopandwa kwa tamaa? Hasha. Mti hauna kosa, wala haumwulizi mchukuzi kabila lake. Nia ya aliyepanda ni hesabu yake. Sisi tutaulizwa yetu. Yeye alipanda kwa ajili ya faida. Sisi tukikata kwa ajili ya faida, tumemzidi nini?

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mti aupandao Mwislamu, akala kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Basi hata autunzaye mti alioukuta asiidharau kazi yake. Katika mji unaozidi kuota maghorofa, mti uliosalia ni amana ya wasiozaliwa bado. Na amana hurejeshwa nzima.