Amri Ubaoni, Risasi Bumbire

Tarehe 14 Aprili 1875, akiwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, msafiri Henry Morton Stanley aliandika barua kuwaomba Waingereza walete wamisionari. Alieleza kwa fahari kwamba Kabaka ameandikisha Amri Kumi ubaoni ili azisome kila siku. Mojawapo ya amri hizo inakataza kuua.

Wiki mbili baadaye aliingia kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Viktoria, kutafuta chakula. Wenyeji waliiburuta mashua yake hadi nchi kavu, wakampokonya makasia. Aliponyoka kwa kufyatua bunduki, watu wake wakipiga kasia kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Tarehe 4 Agosti akarudi na msafara wa mitumbwi, akakaa mbali na ufuko, akaamuru risasi zipigwe. Waliouawa walizidi 30.

Wengi watamwita mnafiki. Mimi sikubali. Mnafiki huficha, na Stanley aliandika habari hizo mwenyewe akazipeleka magazetini. Lawama zilipozuka Uingereza, alijitetea. Dhamiri yake haikuona mgongano wowote, na hilo ndilo linalonitisha. Aliiamini dini yake kweli, ila aliiwekea mpaka: Kabaka aliyemkaribisha alikuwa ndani, watu wa kisiwani waliomtisha na kumfedhehesha walikuwa nje.

Atatokea wa kusema nyakati zile ndivyo zilivyokuwa. Lakini waliomlaumu walikuwa watu wa nyakati zilezile, tena wengi wao wa dini ileile.

Kwa hiyo tunapojipima kama tunaishi tunachokiri, tusiishie kwenye sala, funga na sadaka. Hayo mtu anaweza kuyatimiza yote bila kukosa hata moja. Tujiulize imani yetu inamhusu nani, hasa tunapokuwa na hasira, nguvu tunazo, na hakuna wa kutuzuia. Hata leo, kwenye mwalo wowote wa ziwa hilohilo, tajiri mwenye mtumbwi anaweza kusali kwa moyo safi, kisha akawakata wavuvi wake gharama za mafuta ambayo hayakutumika. Hajioni ametenda dhambi, kwa sababu kibarua hajawahi kumhesabu kuwa jirani.

Ndugu msomaji, kama unao watu wanaokula kwa mkono wako, kabla ya ibada ya wiki hii keti nao, fungua daftari, mfanye hesabu pamoja.