Je, Deni la Fundi Lakoma Wapi?

Mtu anunua chombo kwa fedha yake halali, alipa bei yote asibakize hata senti. Baada ya siku chache aona kwamba sehemu moja ya chombo kile ina ila, wala ila hiyo haikutokana na utumizi wake, bali ilikuwamo tangu kiwandani. Akirudishe kwa aliyekifanyiza, huambiwa: "Umekwisha kununua, shauri ni lako." Je, jawabu hilo ni la haki? Swali hili latupasa sote, maana kila mmoja wetu hununua kazi ya wengine, na wengi wetu hufanya kazi itakayotumiwa na wenzetu.

Zamani mahakama ziliwapa mafundi jibu jepesi. Katika mwaka 1842, huko Uingereza, mwendeshaji wa gari la farasi lililochukua barua aliumia kwa sababu ya ubovu wa gari. Akamshtaki yule aliyepatana kulitunza, lakini mahakimu walimkatalia, wakisema kwamba mapatano yale yalifanywa na mkuu wa posta, si na mwendeshaji. Ikapita miaka 74. Katika mwaka 1916 kesi iliyofanana na hiyo ilifika katika Mahakama ya Rufani ya jimbo la New York. Mtu alikuwa amenunua motokaa ya Buick kwa mchuuzi. Gurudumu lake la mti likavunjika njiani, naye akaumizwa. Kampuni ilijitetea kwamba gurudumu lilitengenezwa na wengine, tena kwamba gari liliuzwa kwa mchuuzi, si kwa mtu huyu. Hakimu Benjamin Cardozo na wenziwe walio wengi hawakukubali. Walionelea kwamba kampuni ilijua vema kuwa atakayepanda gari si mchuuzi, na ya kuwa ubovu ungaliweza kuonekana kama gurudumu lingalikaguliwa. Basi wajibu wa fundi hautoki katika karatasi ya mapatano peke yake; watoka katika kujua kwamba uhai wa mtu utategemea kazi ya mkono wake.

Labda mtu atasema: "Hakuna kazi ya binadamu isiyo na ila. Tukimdai fundi kwa kila kosa, nani atathubutu kufanya kazi?" Neno hilo lina kweli ndani yake, kwa hiyo yatupasa kupambanua. Kukosea bila kujua, baada ya kukagua kwa bidii, ni jambo moja. Kujua na kunyamaza ni jambo jingine kabisa.

Tuangalie habari ya kampuni ya General Motors ya Marekani. Katika baadhi ya motokaa zake, kama Chevrolet Cobalt, swichi ya ufunguo ilikuwa legevu. Ufunguo uliweza kugeuka wenyewe gari likiwa mwendoni: injini ikazimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa imlindayo mtu wakati wa ajali isifunguke. Mainjinia walipewa habari mapema. Katika mwaka 2005 lilitolewa shauri la kuibadili swichi kwa gharama isiyofika dola 1 kwa gari, likakataliwa. Wenye magari walioshtaki walishauriwa waondoe vitu vizito katika kishikio cha funguo. Katika mwaka 2006 swichi ilitengenezwa upya kwa siri, lakini namba yake haikubadilishwa. Na magari ya kwanza yakaachwa barabarani hadi mwaka 2014, yalipoanza kuitwa yarudi, yapata milioni 2.6. Mfuko uliowekwa kwa ajili ya fidia ulikubali madai ya vifo 124. Katika mwaka 2015 kampuni ilikiri kwamba iliwaficha wakuu wa serikali habari hizo, ikatozwa dola milioni 900. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini watu 124 hakuna ukuta utakaowarudisha.

Hapo twaona mzizi wa uovu. Hakuna aliyekusudia kuua. Palikuwa na hesabu tu: senti zilionekana wazi mezani, na watu watakaokufa hawakuwa na majina bado. Asiyemwona jirani yake kwa kuwa hajamjua jina, huyo ameshindwa katika jambo lililo la kwanza.

Na mnunuzi je? Asinyamaze. Aandike barua, atunze nakala, akihifadhi kipande kibovu. Ile siri ya mwaka 2006 ilifichuliwa kwa sababu swichi ya gari lililopata ajali ilihifadhiwa, ikalinganishwa na mpya. Tena awatafute wengine wenye shida hiyo hiyo, maana mmoja hupuuzwa, wengi husikiwa.

Lakini liko jaribu moja lililo karibu naye: kuliuza gari lile kwa mwingine asimwambie neno. Atasema, "Nami nilidanganywa." Kweli alidanganywa, lakini siku ile anapojua na kuficha, amesimama mahali pale pale aliposimama mwenye kiwanda, na hasara aliyoilalamikia amemtwika asiye na hatia. Dhuluma haiishi kwa kupokezanwa. Huisha inapomfikia mtu mmoja akubaliye kusema kweli, ajapopata hasara. Basi deni la fundi halikomi bei inapolipwa, wala la muuzaji halikomi fedha inapopokewa. Ladumu maadamu yuko mtu awezaye kuumizwa na lile tulijualo na kulificha.