Alama za Bei Rahisi

Mwaka 2005 kampuni ya Microsoft ilipotoa mashine yake ya michezo ya video iitwayo Xbox 360, ilianzisha pamoja nayo desturi ya kumhesabia kila mchezaji alama. Mchezaji akitimiza jambo lililopangwa na watengenezaji wa mchezo, hupata tuzo. Kila tuzo ina alama zake, na jumla yake huonekana pamoja na jina lake, wenzake wote waione. Kwa kawaida mchezo wa kununuliwa dukani ulibeba alama 1,000. Basi mchezo mgumu uliodai majuma ya jasho ulikuwa na alama 1,000, na mchezo wa watoto uliotungwa kufuata filamu ya katuni nao ulikuwa na alama 1,000 zile zile.

Penye mwanya hapakosi wa kupenya. Watu wazima, wenye ndevu zao, wakaanza kutafuta michezo ya watoto, si kwa kuipenda bali kwa wepesi wake. Mmoja uliosifika ni ule wa Surf's Up, filamu ya mwaka 2007 ya pengwini wanaoteleza juu ya mawimbi. Lakini uliovunja rekodi ulitokana na katuni za televisheni: Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth, wa mwaka huo huo. Ulikuwa na tuzo tano tu, zote za kupiga mapigo mfululizo bila kukatizwa, la mwisho likiwa mapigo 50. Mtu alisimama mahali pamoja, akabonyeza kitufe kimoja tena na tena, na baada ya dakika chache alama 1,000 zikawa zake. Akazima mashine. Hadithi yenyewe hakuijua, wala hakutaka kuijua.

Je, mtu huyu ametenda kosa? Tusikimbilie kumhukumu. Hakuiba, maana mchezo aliununua au aliukodi. Hakuvunja sheria, maana kitufe alichobonyeza kiliwekwa kibonyezwe. Wala hakusema uongo: alama zinatangaza kwamba amezipata, na kweli amezipata. Tena wapo watakaomtetea kwa hoja nzito zaidi, kwamba kukusanya alama ni mchezo wenyewe, mkubwa kuliko hiyo midogo. Mwaka 2014 Mmarekani Raymond Cox alikuwa wa kwanza kufikisha alama 1,000,000. Kiasi hicho hakipatikani bila subira ya miaka, na subira ni sifa njema.

Hoja hiyo naikubali nusu. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitakia vikwazo visivyo vya lazima ili tupate kuvishinda. Anayetaka kufika kileleni kwa ajili ya kufika tu, na apande helikopta; mpanda mlima huikataa helikopta kwa hiari yake, na katika kukataa huko ndimo raha yake ilimo. Sasa mtafuta alama rahisi anafanya kinyume. Kila penye kikwazo anatafuta pa kukikwepa. Amebaki na kazi ya kibarua isiyokuwa na ujira, ila tarakimu.

Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili si dhambi, ila ni hasara. Alama ilibuniwa iwe kivuli cha ustadi, kama vile cheti kilivyo kivuli cha elimu. Mtu akikimbilia kivuli, atakipata, lakini mwili utakuwa umepita upande mwingine. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Utamu wa kile kivuli unatokana na lile jua. Aliyekaa kivulini tangu asubuhi hawezi kuuonja, hata akipewa chakula kile kile.

Ipo na hasara ya pili, ambayo mara nyingi haitajwi. Mtoto wa miaka saba anayecheza na yule pengwini haulizi atapewa alama ngapi. Anaanguka majini, anacheka, anarudia. Mtu mzima ameketi mbele ya kioo kile kile, na wimbi lile lile linampita asilione. Kati ya hao wawili, ni yupi aliyeufahamu mchezo? Twaweza kuwacheka watu wazima wanaocheza vitu vya watoto, lakini kucheza si aibu kwa umri wowote. Linalosikitisha ni kwamba huyu hakucheza.

Kwa hiyo natoa kipimo kimoja, ambacho msomaji anaweza kukichukua hata nje ya michezo ya video, katika masomo, kazi na hata sadaka zake. Jiulize: kama hesabu ingefutwa usiku huu, na asiwepo atakayejua kwamba nilifanya, ningefanya? Jibu likiwa ndiyo, hesabu ni pambo tu, haina madhara. Likiwa hapana, basi tujue kwamba tumeuza saa zetu, na bei tumeiacha ipangwe na mtu mwingine. Alama hizo zitabaki zimeandikwa. Ila saa zile hazirudi, na maisha ya mtu hayana duka la kukodi nyingine.