Dawa Iliyotangulia Ugonjwa

Kaberebere ni mji mdogo kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro, katikati ya migomba na mibuni. Wengi wanaopita huku kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale wametoka Kivu. Aliyekulia kando ya Bukavu anamjua ndugu mmoja wa mbuni ambaye hapa haonekani sana: mkwinini. Wabelgiji waliupanda katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, pale Bukavu, kimesindika magome yake kwa miaka mingi. Mbuni na mkwinini ni wa familia moja ya mimea. Mmoja ni Mwafrika aliyetajirisha Brazili. Mwingine alikuja kwetu kutoka huko huko Amerika ya Kusini.

Kwao mkwinini ni misitu yenye ukungu kwenye miteremko ya Andes, kuanzia Venezuela na Colombia hadi Bolivia. Ni mti usiopukutika, wenye majani mapana yanayotazamana mawili mawili kwenye tawi. Maua yake ni madogo, mfano wa vijimrija, ya waridi au meupe, yananukia vizuri, na kingo zake zina manyoya. Tunda likikauka hupasuka na kuachia mbegu nyepesi zenye ubawa, zichukuliwe na upepo. Gome ni chungu, na uchungu huo yaelekea ni ngao ya mti dhidi ya wanaoutafuna.

Sasa tazama ajabu yake. Kimelea cha malaria kali kina asili ya Afrika; wanasayansi wamekifuatilia hadi kwa sokwe wakubwa wa misitu yetu. Kilivuka bahari ndani ya damu ya watu waliofungwa minyororo katika merikebu za watumwa. Kabla ya hapo mkwinini ulikuwa umeota Andes kwa maelfu ya miaka bila kukutana nacho. Dawa ilikuwa bara moja, ugonjwa bara jingine. Katika karne ya 17 Wajesuiti walipeleka gome Ulaya, na mwaka 1820 Pelletier na Caventou, huko Paris, wakatenga kwinini yenyewe.

Aristotle aliandika kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya binadamu. Mkwinini unamkanusha. Haukuwa ukimngoja mgonjwa yeyote, ulikuwa ukijilinda. Maana tuliyoupa haikuwamo ndani ya gome, wala haikuwamo ndani ya homa. Ilizaliwa siku viwili hivyo vilipokutana.

Hapa ndipo penye mtego. Ni rahisi kuruka kutoka hapo na kusema kwamba, basi, safari ilikuwa ya heri. Lakini mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za mkwinini zilikuwa dola na tamaa. Manuel Incra Mamani, mzawa wa Bolivia aliyejua kuutambua mkwinini bora, alimkusanyia mbegu Mwingereza Charles Ledger. Mwaka 1865 mbegu hizo zilifika Ulaya, Waholanzi wakazinunua na kuifanya Java itawale biashara ya kwinini duniani. Mamani alifungwa na kupigwa kwa kosa la mbegu, akafa kwa majeraha. Mamilioni waliopona baadaye hawafuti kipigo kile.

Mtego huo huo upo kwa watu waliohamishwa. Nakivale imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda, kisha Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Wapo wanaowafariji kwa kuwaambia kwamba Mungu aliwaleta huku kwa sababu. Huenda fundi cherehani wa Bukavu amepata hapa wateja, marafiki, hata mchumba. Hiyo ni maana ya kweli, naye ana haki ya kuifurahia. Lakini ni yeye aliyeitengeneza. Vita havikumpa, na havistahili shukrani.

Upo pia mtego wa pili: kumpima mgeni kwa faida yake. Tunawasifu wakimbizi kwa maduka waliyofungua na mashamba waliyolima, na sifa hiyo ni ya haki. Ila mkwinini unatuonya: kufikia 2011 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeipendekeza artesuneti, itokanayo na mmea wa China, mbele ya kwinini kwa malaria kali. Kama maana ya mkwinini ingekuwa kazi yake kwetu tu, ungekuwa umeanza kuisha. Nao huko Andes ungali unachanua, kama ulivyochanua kabla hatujauhitaji. Bibi aliyefika Nakivale amechoka, asiyeweza kushika jembe wala kufungua kibanda, hana cha kuthibitisha mbele ya mtu. Manufaa yake kwetu, kama yapo, ni habari yetu sisi. Kuwapo kwake ni kwake mwenyewe.